Mate ya Alfajiri na Baka Langu

Kila nikipita kwa wachoma korosho hapa Likoni, ule moshi mkali hunitonesha shavu la kushoto. Pua ndiyo inusayo, shavu ndilo liumwalo. Nimechoka, wenzangu, magoti hayanisikii tena, lakini harufu hiyo hunirudisha mbio Mtongwe nilikozaliwa.

Nilizaliwa na baka jeusi shavuni, pana kama kiganja cha mtoto. Watoto wakiniita Masizi. "Masizi, kaoshe uso!" Niliwapiga. Nilikuwa na mkono mzito, wala sijutii.

Nyanya mzaa baba alishikilia kuwa mamangu alijikuna shavu usiku mwezi ulipopatwa, nami nimo tumboni. Kila mgeni aliambiwa: "Angetulia huyu, mtoto angetoka safi." Dawa aliyompa ni mate ya alfajiri. Mama aamke, asiseme na mtu, alambe kidole gumba anisugue baka. Akitamka neno kabla, kazi bure. Basi mamangu akawa bubu kila asubuhi. Majirani wakimwamkia, kimya. Wakasema anaringa. Nami niliyachukia mate yale, yakinuka usingizi.

Baka halikwenda popote. Asubuhi moja nyanya akaja na kigae cha mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua ngozi hata ikachubuka. Akanibana magotini. Tone la kwanza liliponigusa nikapiga ukemi. Mama alikuwa ndiyo kwanza atie kidole kinywani; akakichomoa, akamlilia mkwewe.

"Mama, wacha! Usimchome mwanangu!"

"Haya, umesema! Dawa yote umeiharibu."

"Na iharibike. Ni mimi niliyejikuna, nimekubali. Sasa mwache."

Nyanya akaniachilia, akatoka kuwatangazia majirani kwamba Mama amekiri. Mimi nilifurahi tu kwamba mate yamekwisha.

Shavu hili hili limeolewa, likazaa saba, halikumzuia mtu. Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu hospitali, kitoto chake kina baka pajani. Daktari akamwambia si kosa la mtu. Mengine hufifia yenyewe, mengine hupunguzwa kwa miale ya leza, mengi hayadhuru kitu. Likianza kukua au kubadilika rangi, amrudishe mtoto litazamwe. Mjukuu akashusha pumzi, akamfunika mtoto wake, basi.

Mamangu hakuambiwa hivyo na mtu. Na wallahi, uzeeni aliniambia kwamba usiku ule wa mwezi alilala fofofo, hakujikuna popote. Lakini alikwisha kukubali kwa kinywa chake, na nyumba ile ikamwita mkosa mpaka alipozikwa. Mimi, siku ile, nilidhani Mama ameshinda.