Siku Mashine Ilipomkataa Mke Wangu

Mwenyekiti wa kwaya aliponiuliza kama ninaweza kuwarekodia kanda yao, nilipaswa kumjibu kuwa siwezi, waende studio ya mjini. Nilimjibu kuwa ninaweza. Nilikuwa na kompyuta kuukuu niliyoinunua miaka ile ya soko huria, zilipoanza kuuzwa kando ya mitumba, nikaiwekea mfumo wa Linux kwa sababu wenzangu wote Arusha walitumia Windows. Nilitaka niwe na kitu wasichokijua. Hata mimi sikukijua.

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha uani kwetu Kimandolu, trei za mayai ukutani, blanketi dirishani. Mke wangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ile. Alizaliwa Momela, kwa Wameru, na sauti yake ilikomaa kwa kuitana na mama yake ng'ambo ya korongo. Maikrofoni ilikuwa moja tu, kwa hiyo aliingia wa kwanza, na wenzake wakakaa kwenye benchi nyuma yangu.

Kabla hajaanza nilipiga wimbo mmoja uliokuwa ndani ya kompyuta. Spika zikaitika. Nikajiambia kadi ya sauti ni nzima. Akaimba. Kwenye skrini, mstari uliotakiwa kupanda na kushuka kwa sauti yake ulilala kama uzi.

Nikabadilisha waya. Akaimba tena, wapi! Nikazima mashine, nikachomoa kadi, nikaipangusa, nikairudisha.

"Sogea karibu," nikamwambia. "Imba kwa nguvu."

Akaimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mstari haukutikisika.

"Labda mashine haijui Kimeru," mwanakwaya mmoja akasema, wakacheka. Mwingine akadakia, "Mpeni mbege kidogo, koo lifunguke!"

Hata mke wangu alicheka. Mwenyekiti hakucheka. "Fundi, watu wametoka Olmotonyi tangu asubuhi. Kazi hii unaiweza au huiwezi?"

Ningeweza kusema "moja, mbili" mwenyewe kwenye maikrofoni ile. Sikujaribu. Niliogopa mstari ungelala kwangu pia, wakiniona. Nikamgeukia mke wangu.

"Mashine ni nzima. Ni sauti yako, mama, imekwisha. Sisi tunakuonea haya tu. Mashine haimwonei mtu haya."

Kicheko kikakatika. Akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu.

"Haya, baba," akasema, akatoka.

Mwenyekiti akawaambia wengine wakanywe chai. Nilipobaki peke yangu nikafungua miksa ya kompyuta, programu ya kupandisha na kushusha sauti, ambayo mpaka hapo nilikuwa nimetazama upande wake wa spika tu. Upande wa maikrofoni ulikuwa umefungwa. Linux ya wakati ule ndivyo ilivyokuwa: ukishaiweka, baadhi ya njia za sauti hukaa zimefungwa mpaka uzifungue mwenyewe. Nikabonyeza kitufe kimoja. Nikakohoa, mstari ukaruka.

"Kumbe!" nikasema.

Waliporudi nikamwita binti mmoja wa sauti ya kwanza. Mstari ukapanda na kushuka, wakapiga makofi, mwenyekiti akanipa mkono. Sikuwaambia habari ya kitufe. Kanda ikatoka na sauti ya binti yule, ikapigwa madukani mpaka watoto wakaikariri.

Mke wangu aliacha kwaya. Ibadani alishika kitabu cha nyimbo, mdomo umefungwa. Hata jikoni hakuimba tena. Wajukuu wetu walikua bila kujua kuwa bibi yao aliwahi kuimba.

Alipougua, nami nimeshazeeka, nilimweleza yote: miksa, kitufe, woga wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Nilirudi kuchukua khanga yangu. Nilikuwa mlangoni uliposema kumbe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uwaambie wao."

Siku tulipomzika, kwaya waliweka kanda ile, wakidhani wananifariji. Ilikuwa sauti ya yule binti. Sauti ya mke wangu haipo popote, na tangu siku ile ya kurekodi aliishi na mume aliyemjua kuwa mwoga, akimpikia na kumnyooshea mashati. Kwa kusema ninaweza, nilipoteza sauti yake, na nikapoteza heshima aliyokuwa nayo kwangu. Hakunirudishia hata kimoja, wala sikustahili.