Pindo la Leso ya Bi Mwanahawa

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, ua wa makuti wa nyumba yetu pale Bagamoyo ulikuwa na uwazi wa kupita mtu mmoja akiinama. Upande huu alikaa bibi yangu mzaa mama, Bi Tatu, na upande ule shoga yake, Bi Mwanahawa. Kaa la moto lilipita hapo, chumvi ikapita, bakuli la mchuzi likapita, na umbea ndio usiseme. Walichezwa unyago pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, wakafiwa na waume zao, na tangu hapo hakuna aliyekunywa uji wa asubuhi bila kumwita mwenzake. Mimi nilikula nyumba zote mbili. Mpaka leo nikijaribu kukumbuka mkono ulionisuka nywele utotoni, siwezi kusema kwa hakika ulikuwa wa nani.

Bibi aliishi kwa kuku. Siku zile, kabla Wadachi hawajatuletea bendera yao, misafara ya pembe ilikuwa ikiingia mjini kwa vishindo, na wapagazi waliokula unga mkavu njia nzima walitamani mchuzi wa kuku kuliko kitu kingine chochote. Biashara ilipokuwa nzuri bibi alijenga banda jipya. Boriti na fito alizipata kwa bei ya kutupa kwenye kibanda kilichobomolewa, ambamo wapagazi walikuwa wakilala na matenga yao ya kuku. Alilionea fahari banda lile kama wengine wanavyoonea fahari nyumba ya mawe.

Asubuhi moja Bi Mwanahawa aliinama, akapita uwazini, akasimama kuwatazama kuku wakila pumba.

"Shoga, kuku wamenona hawa! Wangu mimi utadhani wamefunga Ramadhani."

Bibi alicheka, naye akacheka, wakanywa uji. Lakini Bi Mwanahawa hakusema Mashallah. Kwetu pwani ukisifu kitu cha mtu, awe mtoto, awe mnyama, uwe hata wali uliopikika vizuri, unasema Mashallah, maana sifa tupu hufungulia jicho mlango. Alisahau tu. Alikuwa na mdomo mwepesi, na maneno yalimtoka kabla hajayapanga. Bibi hakumkumbusha, na nadhani siku ile hata hakuliwazia sana.

Haukupita muda kuku wakaanza kuharibika. Vilemba vyao vyekundu vikapauka, waliokuwa wakiatamia wakayaacha mayai yapoe, na asubuhi tukifungua banda tunamkuta mmoja amelala ubavu, mwepesi mkononi kama kifuu kitupu. Kwanza bibi alisema ni utitiri, na utitiri tuliujua sote. Akawanyunyizia majivu, akawapaka mafuta ya nazi, akawaosha chini ya mbawa kwa maji ya tumbaku hadi mikono yake ikanuka wiki nzima. Walipata nafuu kidogo, kisha wakarudi palepale. Kila adhuhuri aliketi kwenye kigoda akiwapekua manyoya, mimi nimewashika miguu, na hatukuona hata mdudu mmoja.

Tena kuku wakagoma kuingia bandani. Jua likishuka tuliwafukuza, wakafika mlangoni, wakarudi nyuma wakilia, wengine wakarukia paa la jiko.

"Wanaona kitu humo," bibi alisema. "Kitu sisi hatukioni."

Kuanzia hapo nikawa nalipita banda lile mbio, nimejifunika uso.

Bibi akaenda kwa mwalimu mmoja aliyepiga ramli, akaniburura nami. Yule mzee alichora mchangani, akafuta, akachora tena.

"Jicho," alisema. "La mtu wa ndani. Anayekula kwako."

Dawa yake ilijulikana pwani nzima: unakata pindo la nguo ya mwenye jicho bila yeye kujua, unalichoma pamoja na ubani, na moshi unawafukizia walioonewa. Kwa sababu hiyohiyo mwanamke akikuta pindo lake limekatwa hahitaji kuambiwa na mtu. Amekwisha kuitwa hasidi.

Njiani bibi alitembea haraka, mimi nikimkimbilia nyuma. Najua alipambana na nafsi yake, maana aliyekula kwetu alikuwa Bi Mwanahawa, naye ndiye mtu pekee aliyebaki kumwita kwa jina la utoto. Lakini kuku walikuwa wakifa, nao ndio walikuwa chakula chetu. Siku iliyofuata Bi Mwanahawa alianika leso yake kwenye ua, nyekundu yenye madoa meusi, zawadi ya kaka yake wa Kaole. Bibi mwenyewe ndiye aliyeipinda, akiwa ameketi barazani pamoja na mwenye leso. Nilimwona akitoka na kisu cha jikoni. Akakata kwenye ncha, kipande cha upana wa kidole, akaniona ninamtazama, akaingia ndani.

Tulifukiza. Kuku wakaendelea kufa.

Kisha Bi Mwanahawa akaja. Safari hii hakupita uwazini. Alizunguka njia, akapiga hodi mlango wa mbele kama mgeni.

"Shikamoo, bibi," nilimwambia.

"Marahaba, mjukuu wangu." Kwangu sauti yake ilikuwa ileile. Halafu akamgeukia bibi. "Bi Tatu, nimesikia kuku wako hawajapona bado."

Hakumwita shoga. Bibi alisimama na upawa mkononi.

"Karibu ukae," bibi alisema.

"Sikai. Nimefikiri labda kipande ulichokata kilikuwa kidogo." Akaiweka leso kwenye kigoda, imekunjwa vizuri, imefuliwa. "Basi chukua yote."

"Mwanahawa, ngoja nikwambie..."

"Mimi niliyemwosha mwanao alipokufa, leo nikuonee kijicho kwa kuku?"

Akaondoka. Jioni ile tulimsikia upande wa pili akivuta kamba na kupigilia miti, na kulipopambazuka uwazi ulikuwa umezibwa kwa makuti mabichi.

Sijui mtu mwingine angefanya nini na leso ile. Bibi alikuwa ameumbuka, na akiumbuka alikuwa mkali. Aliibeba yote mpaka bandani, akaitia kwenye chetezo kikubwa na ubani na makumbi ya nazi, akafunga mlango. Moshi ulitoka kila upenyo. Ulipopungua aliingia akikohoa, nami nyuma yake nimeshika nguo yake, na hapo ndipo tulipoona. Fito walizolalia kuku zilikuwa zinatembea. Chini ya magome, kwenye kila ufa wa boriti zile za wapagazi, utitiri ulikuwa ukimiminika kuukimbia moshi, mwekundu, umeshiba. Bibi akapitisha kiganja kwenye ufito, kikatoka na damu ya kuku wake.

Alisimama akitazama mkono ule. Hakuwa mjinga, alielewa mara moja. Wadudu wale hujificha mchana kwenye miti na kutoka gizani kunyonya, ndiyo maana adhuhuri tulipekua bure, na ndiyo maana kuku waliogopa kuingia kulala. Alizing'oa fito zote na kuzichoma, kinyesi na viota vyote motoni, akaukandika udongo upya, akapaka chokaa nzito kila pembe, akarudia baada ya siku kadhaa. Kuku waliobaki wakapona. Vilemba vikawa vyekundu tena.

Mtaa mzima ulikuwa umeona moshi na ulikuwa umesikia habari ya leso. "Mmeona?" walisema kisimani. "Ilipochomwa nzima, hasidi kashindwa." Walikuja kumpongeza bibi. Mimi, kwa akili yangu ya kitoto, nilifungua mdomo.

"Lakini bibi, si wale wadudu..."

"Watu wazima wakizungumza, wewe nyamaza."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Neno moja lingetosha siku ile, likiwa bado jepesi. Kila siku iliyopita lilizidi uzito, maana sasa angelazimika kueleza pia kwa nini hakulisema jana. Bi Mwanahawa, aliyekuwa wa kwanza kuitwa mtoto akizaliwa, hakuitwa tena. Wanawake walifunika watoto wao akipita. Nilimwona mara moja sokoni akisifu maboga ya mtu, akasema Mashallah, Mashallah, Mashallah, kwa haraka, na muuzaji bado akayasogeza kando. Kabla ya masika mengine alihamia Kaole kwa kaka yake.

"Kesho nitakwenda Kaole," bibi alisema mara nyingi. Alisema akichambua mchele, alisema akitandika kitanda. Mara moja alivaa kabisa, akafika mlangoni, akarudi akidai jua ni kali. Kaole si mbali. Hata mtoto anafika kwa miguu.

Tulikwenda tulipoletewa habari ya msiba. Chumba cha wanawake kilijaa. Maiti alikuwa amekwisha kuoshwa na kukafiniwa, na kabla ya wanaume kumchukua, mke wa kaka yake alisimama kusema yale yanayosemwa.

"Jamani, mwenye haki yake kwa marehemu aseme. Na kama alimkosea mtu, tunamwomba amsamehe."

Macho yote yakamgeukia bibi. Hakuna aliyemtaja, lakini kila mmoja alikuwa anamngoja, na niliona jinsi mama yule alivyokuwa anamwomba kwa uso, kwa hofu ya kweli kwamba wifi yake angeingia kaburini na deni la husuda. Bibi alifumba macho. Midomo ilimcheza. Niliomba, kwa moyo wangu wote niliomba, aseme.

"Nimemsamehe," bibi alisema. "Dunia na akhera."

Chumba kizima kilishusha pumzi. Wakamshika mikono, wakamwombea kheri, mmoja akalia.

Tukirudi njiani alitangulia mbele, na tulipokaribia nyumbani akasema bila kugeuka, "Ningesemaje, mwanangu, mbele ya watu wote wale?" Nilikuwa na hasira naye, na nilimhurumia, na sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Sasa mimi ndiye bibi. Nafuga kuku, banda nalipaka chokaa, fito nazibadilisha, na bado mtu akiwasifu bila Mashallah moyo hunidunda; sijitii ujuzi. Bi Tatu alikufa akisifiwa kwa roho yake njema, na sifa hizo zilianzia chumba kile. Ndugu wa Bi Mwanahawa wakinikuta sokoni hunishika mkono wakanishukuru kwamba bibi yangu alimsamehe mtu wao kabla hajafukiwa. Nami huwaitikia, "Tumshukuru Mungu," kisha nawauliza habari za watoto.