King'ora Kisichonifikia

Nilipoteza usikivu nikiwa na miaka tisa, baada ya homa ya uti wa mgongo. Kiswahili nilikuwa nacho tayari, na Kimeru cha nyumbani, na sauti yangu ambayo siisikii. Watu husema inapanda na kushuka mahali pasipotarajiwa. Kwa hiyo nimezoea kuongea kidogo, kusoma midomo, na kutembea na daftari mfukoni.

Nashona sare za shule katika karakana moja upande wa Themi. Kwenye cherehani ya jirani hukaa mama mmoja wa makamo, mkazi wa Moshono, mwepesi wa kucheka, aliyejifunza kwangu ishara tatu: chai, uzi, na bosi anakuja.

Siku ya moto msimamizi alinituma stoo nikakate kola, maana meza kubwa ya kukatia iko huko. Stoo haina dirisha, na mlango wake hujifunga wenyewe. Nilikata kwa muda, kisha nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Harufu haihitaji masikio. Nikadhani ni pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa, jambo la kila wiki. Taa zikazimika. Hilo nalo halikunishtua. Umeme kukatika si habari. Nikasimama gizani na mkasi mkononi, nikingoja urudi.

Kilichonishtua ni sakafu. Umeme ukikatika, watu huinuka, huburuta viti, huenda mlangoni kupunga upepo, na yote hayo hunifikia kwenye nyayo. Nilivua kiatu, nikakanyaga chini. Hapakuwa na hatua hata moja.

Nilipofungua mlango, moshi ukaniingia machoni. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepinduka, na kule mwisho, kwenye mashine za ovaloki za kushonea kingo, moto ulikuwa unakula rundo la vipande vya kitambaa. Nikapiga magoti, nikatambaa nikishika miguu ya meza, nikizihesabu. Mlango wa nje uko baada ya meza ya saba. Katikati nikapoteza hesabu. Sikujua kama nauendea mlango au nauendea moto. Nilipapasa mpaka nikagusa kiti changu mwenyewe, nikakijua kwa mto mdogo niliokishonea, ndipo nikajua nilipo.

Mlinzi alikuwa anaingia na mtungi wa kuzimia moto, tukagongana mlangoni. Wenzangu walikuwa wamejipanga uani. Nyuso zao ndizo zilizoniambia kwamba king'ora kilikuwa kimelia zamani. Msimamizi alishaita majina, na langu lilipoitwa, jirani yangu aliitika kwamba nipo, kwa sababu mbele yake alisimama mwanamke mwenye kilemba cha kijani kama changu. Aliniandikia hayo mwenyewe kwenye daftari. Siku ile sikumjibu.

Kesho yake, moto ukiwa umezimwa bila kufika meza zetu, meneja aliniita ofisini. Ni mtu mstaarabu. Alinisukumia barua iliyokwisha kuchapwa: kwa kujali usalama wangu, ofisi imeona nipumzike kazi kuanzia mwisho wa wiki. Chini palikuwa na mstari wa sahihi. Niliuona mdomo wake ukisema kwamba hangepata usingizi tena kama ningefia mle ndani. Naamini alimaanisha. Lakini mimi nilikuwa na mtoto wa darasa la nne, na mama yangu mzee kule juu mlimani ananitegemea.

"Kazi naijua," nilimwambia kwa sauti, bila kujali ilivyotoka. "King'ora chenu mmewawekea wenye masikio tu. Wekeni na taa."

Alisema taa si jambo la siku moja. Nikamwambia nitangoja, ila barua sitii sahihi. Niliirudisha kalamu mezani. Kisha nikarudi kwenye cherehani yangu.

Siku nne zilizofuata sikuletewa kazi. Vipande vilivyokatwa viligawiwa kila meza, yangu ikarukwa. Nilikaa kutwa mbele ya mashine iliyozimwa, mgongo nimeunyoosha, nikiogopa hata kwenda chooni, nisije nikarudi na kukuta kiti kimeondolewa. Mwisho wa wiki ukapita, nami Jumatatu nikaja. Asubuhi ile jirani yangu aliinuka, akachukua nusu ya mashati yake, akayaweka mezani kwangu. Msimamizi akaja kumsemesha. Yeye hakuinua kichwa, akaendelea kushona. Mwanamke wa meza ya nyuma naye akaniletea sketi. Sikuona kilichosemwa, niliuona tu mgongo wa msimamizi ukiondoka.

Nikamshika jirani yangu mkono. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwake.

Wiki hiyohiyo akaja fundi umeme. Meneja akaniandikia kwamba watafanya jaribio: nikae stoo, mlango umefungwa, nitoke nikiona taa nyekundu. Niliingia, nikakaa juu ya jora la kitambaa, nikangoja. Dakika kumi, labda ishirini. Jasho lilinitoka. Nilijua hakuna moto na kwamba mlango haukutiwa ufunguo, na bado nilikuwa nikinusa hewa kutafuta moshi. Ningeweza kutoka. Nikaamua nisitoke.

Mlango ulifunguliwa na meneja mwenyewe. Alitazama dari, kisha kuta, kisha mimi. Taa nyekundu ilikuwa imefungwa ukumbini tu. Watu wote walikuwa wamesimama uani wakinisubiri.

"Umekaa humu muda wote?" alisema polepole, uso ameuelekeza kwangu.

"Hamkuniita," nilisema.

Alitoka akamwita fundi, na fundi akafanya kazi mpaka jioni: taa yenye betri yake stoo, nyingine chooni, nyingine kwenye chumba cha kupigia pasi. Jirani yangu akapewa jukumu la kunitafuta kwa macho kabla hajatoka, nami nikajipa la kumtafuta yeye. Ile barua sikuiona tena, wala hakuna aliyeitaja.

Bado nashona pale. Nikitumwa stoo huitazama ile taa ukutani mara nyingi zaidi kuliko inavyohitajika, mkasi ukiwa umesimama, kisha naendelea kukata.