Mama Bakuli

Tangu asubuhi ile ya Alhamisi Mama Bakuli hakukaa wala kutulia. Alikuwa ameshafagia uwanja mara mbili, ameosha vyombo vilivyokuwa safi, na chai aliyojimiminia ilipoa mezani mpaka ikafanya utando. Jina la Mama Bakuli alipewa na watoto wa mtaani. Alikuwa mdodosaji wa utafiti wa lishe, na kila alipopita alikuwa na bakuli jeupe la plastiki kwapani na mfuko wa mchele mkavu begani.

Kazi yenyewe ukiisikia unaweza kucheka. Unabisha hodi, unapewa kigoda, unamuuliza mama wa nyumba: jana mtoto alikula nini, tangu alipoamka mpaka alipolala? Kisha unampa bakuli na mchele, amimine kiasi kilekile alichokula mtoto. Unapima kwenye mizani, unaandika, unashukuru, unakwenda nyumba ya pili. Aliifanya kazi hiyo miaka sita, na tusimnyime haki yake, alikuwa hodari. Mbwa wakali walimzoea. Wazee wasiotaka kuongea na mtu walimsimulia mpaka walichokula siku ya harusi yao.

Safari hii kura ya kuchagua nyumba ilimwangukia wifi yake, mjane wa kaka yake, nyumba ya kumi na saba. Alipaswa kusema abadilishiwe. Hakusema, alidhani kwa wifi kazi itakuwa mteremko. Siku hiyo msimamizi wake naye aliandamana naye. Wifi akalipokea bakuli, akamimina mchele mpaka ukafanya kichuguu, akasema bila kupepesa macho, "Kila mmoja hivi. Na yule mdogo aliongeza."

Mama Bakuli akaandika. Akaandika huku akijua fika kwamba jioni iliyotangulia watoto wa wifi, wote watatu, walikula kwake, kama kila jioni, kwa sababu kwao jiko halikuwashwa.

Lingekuwa jambo la nyumba moja angelimeza, likaisha. Lakini Jumanne Daktari, mkuu wa utafiti, alikuja ofisini uso umechanua. Takwimu zimenyooka, akasema, watoto wa eneo lile wanashiba. Alhamisi taarifa ingekabidhiwa halmashauri, na halmashauri ilikuwa imekaa mkao wa kula: watoto wakionekana wanashiba, uji wa saa nne shuleni unafutwa. Uji ule ndio kitu pekee ambacho watoto wengi wa pale walitia tumboni kabla ya jua kuzama.

Jumatano akamfuata wifi yake, akamkuta anaanua nguo.

"Wifi, kwa nini ulijaza bakuli vile?"

Wifi hakugeuka. "Ulikuja na mgeni, shati limepigwa pasi, kalamu mkononi. Ulitaka nimwoneshe robo bakuli? Anione mimi mama gani?"

"Lakini wameandika kwamba mnashiba."

"Waandike. Afadhali waandike nashibisha kuliko waandike nimeshindwa kulea." Akakunja shuka taratibu. "Na wewe ulikuwepo pale. Mbona hukusema?"

Mama Bakuli alirudi nyumbani akizipitia kichwani nyumba zote alizoingia, na vile vichuguu vya mchele alivyovipima kwa bidii na kuvishukuru. Nani angekubali kumrudishia mgeni bakuli nusu? Miaka sita yote hakuwahi kujiuliza hilo. Alijichukia.

Ndiyo maana uwanja ulifagiliwa mara mbili. Saa tatu alikuwa ofisini, mbele ya Daktari, msimamizi na wadodosaji wenzake, taarifa imeshatiwa kwenye bahasha.

"Daktari, takwimu zile si za kweli. Watu wanajaza bakuli kwa aibu."

"Nyumba ipi?"

Akatikisa kichwa. Waliapa siku ya kwanza kwamba ya nyumba za watu hayatoki nje.

Daktari akavua miwani. "Dada yangu, siwezi kuipelekea halmashauri hisia zako. Hebu tufanye hivi." Akamsogezea bakuli na mchele. "Wewe mwenyewe, jana jioni ulikula kiasi gani?"

Mama Bakuli akamimina. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa wepesi wa mazoea, na, wenzake wakimtazama, mchele ukapanda mpaka ukingoni. Hapo akasita. Uso ukamwaka moto.

"Nimedanganya," akasema. "Hata mimi. Jana nilikula ukoko, vijiko vinne. Chakula walikula watoto wa wifi yangu. Wanakula kwangu kila jioni."

Msimamizi akainamisha kichwa. Alishaelewa ni nyumba ipi.

Daktari aliugusagusa mchele kwa kidole. Mwishowe aliitia bahasha kwenye droo, akaipigia simu halmashauri: taarifa bado, na uji usiguswe. Wangeanza upya, na safari hii wangeshinda jikoni kutwa nzima, wapime kinachotoka sufuriani kweli. Mama Bakuli alifurahi, na furaha hiyo ilidumu karibu nusu saa, mpaka alipokumbuka kwamba ameianika siri ya wifi mbele ya wenzake.

Jioni alipika kama kawaida, akatandika mkeka, akasubiri. Watoto hawakuja. Alitoka mlangoni, akarudi, akatoka tena. Watu ambao kazi yao ni kuongea nyumba kwa nyumba hawawezi kukaa na jambo kifuani, na yeye alilijua hilo kuliko yeyote: habari za ofisini zilishamfikia wifi. Akaifunga sufuria kwa kitambaa, akaibeba, akaenda.

Wifi alifungua mlango nusu. Akaitazama sufuria, kisha akamtazama mbebaji.

"Leo umekuja kupima nini?"

Njia nzima Mama Bakuli alikuwa amejiandalia maneno ya kuomba radhi, na yote yalimponyoka. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Nimekuja na njaa, wifi."

Wifi alisimama palepale, mkono kwenye kitasa. Kisha akafungua mlango wote, akawaambia watoto walete na sahani ya shangazi yao.