Tulifungua posho mill ya sola huku Kanyangi, na hakuna mtu aliyekuja

Wakuu, salamu kutoka Kanyangi, upande wa Kitui.

Kabla sijaendelea nitaje wote waliokuwepo siku tuliyojua kwa nini, ili anayedhani natunga ajue kuna watu wa kuulizwa. Nilikuwepo mimi, Mwende. Wadogo zangu wawili, Mutua na Kasyoka. Mzee Nzuki, jirani yetu aliyekuwa na posho mill ya dizeli, mashine ya kusaga mahindi. Fundi Hamisi wa Kitui mjini, aliyetusaidia kufunga mota. Mama Syombua na punda wake. Halafu mwishoni karibu kijiji kizima, Pastor akiwa mbele na jembe.

Hilo jembe la Pastor nitalifikia.

Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo niliacha shule darasa la saba nikaanza kuchoma makaa. Sioni haya kusema. Makaa ndiyo yaliyotulisha, na makaa ndiyo yaliyompeleka Kasyoka chuo cha ufundi huko Wote, Makueni, akasomea umeme wa sola.

Lakini mnaojua Ukambani mnajua mambo yalivyofika. Miti iliisha. Kila mwaka nilikuwa naenda mbali zaidi kuitafuta. Mvua ikawa inakuja kidogo, halafu inapotea mahindi yakiwa magotini. Kaunti ikakaza mambo ya makaa, malori yakaacha kuja. Kiangazi kilichofuata kikamaliza karibu mbuzi wetu wote.

Tukabaki na migunga ya mama.

Iko mpakani mwa shamba. Mama alikataza isiguswe, kwa sababu maganda yake ndiyo chakula cha mbuzi wakati wa njaa. Nimekata miti mingi maishani mwangu, lakini hiyo sijawahi kuigusa.

Sasa Mutua akaitaka. Alisema tuikate yote, tuchome kimyakimya, tuuze kidogo kidogo, tuanze upya. Msimwone mbaya. Ana mke na mtoto, na mbele hakukuwa na kitu.

Nilimwomba asubiri, kwa sababu Kasyoka alikuwa na wazo.

Mzee Nzuki alikuwa amefunga posho mill yake dizeli ilipopanda bei. Watu wakawa wanapeleka mahindi hadi sokoni, mwendo wa nusu siku na punda. Kasyoka akasema tutoe injini, tuweke mota, na paneli juu ya paa. Bila betri, maana betri ndiyo inayomaliza pesa. Jua likiwaka unasaga, mawingu yakija unapumzika.

Paneli na mota nilizipata kupitia chama cha akina mama, ambamo nilikuwa naweka akiba tangu siku za makaa. Kwa hiyo ukiangalia vizuri, makaa ndiyo yaliyonunua sola. Mashine yenyewe Mzee Nzuki alikataa kuuza.

"Sitaki pesa yenu," alisema. "Mtanisagia mahindi yangu mpaka siku nitakufa."

Tukapeana mikono.

Mutua akatupa muda mpaka mwisho wa mwezi. Ikikataa, anaingia kwenye migunga.

Wakuu, ilisaga. Unga laini kabisa, Fundi Hamisi mwenyewe akaupima kwa vidole akatabasamu. Siku ya kwanza tulisaga mahindi yetu na ya Mzee. Siku ya pili tukakaa. Iliyofuata tukakaa.

Nikadhani ni bei, nikashusha. Nikasikia kuna maneno kwamba unga wa jua hauivi, nikapika ugali nikapeleka kanisani. Walikula wakasifu, wakasema Mungu abariki kazi ya mikono yetu. Hakuja hata mmoja.

Mutua akawa ananoa shoka kila asubuhi mbele ya kibanda, pole pole, tumsikie vizuri.

"Mwende, jua ni la kuanika nguo," alikuwa ananiambia.

Mwezi ukafika mwisho. Asubuhi hiyo Fundi Hamisi alikuwa amekuja kukagua nyaya, na mashine ilikuwa inasaga gunia la Mzee. Mama Syombua akapita barabarani na punda wake, amebeba mahindi, anaelekea sokoni. Nikamkimbilia, nikamuuliza tumemkosea nini.

Akasimama akatuangalia kama watu wa ajabu.

"Kwani mko wazi? Mimi nikiamka nasikiliza. Sijasikia kitu tangu Mzee afunge."

Tukageuka wote kuangalia kibanda, mashine ikiwa bado inasaga.

Waliokulia kijijini washaelewa. Dizeli ya Mzee ilikuwa inasikika hadi ng'ambo ya mto. Ikianza tu-tu-tu, mama anapakia punda. Yetu inavuma kama nyuki, ukifika barabarani huisikii. Kasyoka alipiga hesabu ya jua, ya mota, ya nyaya. Kelele hakuna aliyeihesabu. Hata Mzee, aliyeishi nayo miaka yote, alisema yeye alikuwa anafurahia tu kimya.

Fundi Hamisi akasema basi turekodi dizeli tuicheze kwa spika. Tulicheka, lakini si sana.

Mutua hakucheka. Alienda nyuma ya nyumba akarudi akiviringisha ringi kuukuu ya gurudumu, iliyoachwa na moja ya yale malori ya makaa. Akaifunga kwa waya kwenye tawi la mgunga wa mama ulio karibu na kibanda. Akageuza shoka lake, akaipiga kwa kisogo cha shoka.

Hapo tukakosea tena. Huku kwetu kengele ya shule ni ringi kama hiyo, na ikilia saa isiyo ya shule, ni hatari. Watu walishuka kila upande na majembe na ndoo za maji. Pastor ndiye aliyefika kwanza, anahema.

"Ni nani ameanguka kisimani?"

"Hakuna, Pastor," Mutua akamjibu. "Tunasaga."

Mama Syombua ndiye aliyeanza kucheka. Pastor aliweka jembe chini, akasema atatusamehe tukimsagia leo leo. Watu wakarudi nyumbani wakaja na mahindi, na foleni ikaenda mpaka jua likaisha. Aliyekuwa anamimina mahindi ni Mutua, nywele nyeupe kwa unga.

Siku hizi pigo la pole pole ni kusaga, la haraka ni hatari. Kukiwa na mawingu hatupigi ringi, na hakuna anayepoteza safari. Mutua ameongeza mashine ya kukoboa muthokoi, yale mahindi yaliyotolewa maganda, na anauza hadi Wote. Kasyoka yuko Makueni akibadilisha mill nyingine ya dizeli. Amewaambia watafute ringi kwanza.

Migunga yote imesimama, na mbuzi wamerudi chini yake.

Nilichojifunza ni hiki: ukileta kitu kipya, chunguza kile cha zamani kilikuwa kinafanya kazi gani zote, hata ile ambayo hakuna mtu aliyekuwa analipia. Wenye mashine za sola, nyinyi mnaitaje wateja? Na anayeona tungefanya vingine aseme tu, sikasiriki.

Mzee Nzuki amekuja asubuhi ya leo na gunia lake, anatembea bila mkongojo. Ameniuliza kama nimechoka na lile deni la kumsagia.

Nimemwambia alete gunia lingine kesho.