Wimbo Niliomtafsiria Dada

Kaseti ile niliipata Masasi, miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, ndani ya mfuko wa koti kwenye meza ya muuza mitumba. Koti sikulitaka. Nilimwomba aniuzie kaseti peke yake, akacheka, akaniuzia. Nilipoiweka kwenye redio nyumbani Newala, nilisikia gita likilia namna ambayo sikuwahi kuisikia, sauti inavutwa mpaka unadhani itakatika. Mwimbaji alikuwa mtu mzima, anaimba taratibu kama anayezungumza na jembe lake. Nilimkumbuka marehemu baba akipiga malimba baada ya kupalilia.

Nikawa siwezi kutulia mpaka wengine nao wasikie. Jioni majirani walikaa kibarazani kwangu kusubiri taarifa ya habari. Ikiisha, naweka kaseti. Niliwaambia huu ni muziki wa kantri, wa wakulima kama sisi. Hayo nilikuwa nimeambiwa na yule muuza mitumba. Wakaupenda, kisha wakaanza kuuliza unasema nini. Ningesema sijui, mambo yangekwisha. Lakini mjuzi wa muziki ule nilikuwa mimi, nikaanza kutafsiri.

"Kiingereza umekipata lini, wewe wa kusukumwa mpaka darasa la saba?" alinitania jirani yangu, fundi baiskeli. Wakacheka, nami nikacheka, nikaendelea.

Dada yangu mkubwa alikuwa akikaa upenuni akimenya ming'oko, vile viazi vya porini. Mwanawe alikwenda Dar es Salaam na barua zake zilikuwa zimekoma. Wimbo wa tatu ulipopigwa nilimwona anajifuta macho kwa upindo wa khanga. Nikasema wimbo huu ni wa kijana aliyepotea mjini miaka mingi, akarudi kwao na vumbi miguuni, akakuta mama yake amemwekea maji ya kuoga.

Tangu hapo, kila siku ya basi la Dar es Salaam, dada aliweka ndoo ya maji nyuma ya mlango, kaifunika kwa ungo. Haikuguswa mpaka basi liingie na abiria watawanyike. Bomba letu lilikuwa limekauka. Maji yalichotwa bondeni, na kupanda ule mteremko na ndoo kichwani ni kazi ya wasichana. Yeye miguu ilikuwa imevimba. Niliomba nimchotee, akakataa. Maji ya mwanawe angeyachota mwenyewe. Kwamba nilitunga, sikumwambia.

Jioni alikuwa akija na kukaa karibu na redio.

"Mdogo wangu, rudisha pale anapowekewa maji."

Nilirudisha nyuma, nikasimamisha popote gita lilipolainika. "Hapa," nilimwambia, naye alifumba macho.

Alifariki mwanzoni mwa msimu wa korosho. Ilikuwa siku ya basi. Wanawake walipotafuta maji ya kumwosha, ndoo ilikuwepo nyuma ya mlango.

Mwanawe hakuonekana hata kwenye arobaini. Baada ya hapo nilifunga redio nyuma ya baiskeli nikaenda Lulindi, kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Kiingereza. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida yangu. Akausikiliza wimbo wa tatu mara mbili. Akasema ni mtu anayemkumbuka farasi wake aliyemuuza, na sasa anakwenda kwa miguu, kwao hana mpango wa kurudi. Nikamuuliza mama yake yuko wapi.

"Hakuna mama humu," alisema.

Nilirudi nikawaeleza wale wa kibarazani yote, mbele yao wote. Nilitaka wanitukane. Fundi baiskeli aliinama kwanza, akachezea kandambili yake.

"Sisi tulijua tangu siku ya kwanza, bwana," alisema. "Tulidhani dada yako naye anajua."

Muziki ule naupenda bado, na bado nawaazima watu kaseti. Wakiniuliza wimbo wa tatu unasema nini, nawaambia ni wa farasi. Nyimbo zilizobaki, nasema sijui.