Stoki ya Kavita

Kavita alifika ofisi ya kodi ya Nakuru na orodha aliyoichapisha kwenye saiba, duka la intaneti: mitungi ya shaba, saa ya ukutani na sari zake za harusi, vyote alivyouza kwenye mnada wa mtandaoni tangu duka la mumewe Jaydeep lichomwe Januari.

"Mathe," ofisa alimwambia kwa upole, "kama ni vitu vya nyumba yako, hakuna kodi. Enda tu nyumbani. Mwenye kulipa ni yule ananunua ndio auze."

Nyuma yake kwenye foleni alisimama Pritam, ambaye duka lake lilitazamana na lao miaka ishirini, na bado lilikuwa wazi. Kavita alimsikia akikohoa. Potelea mbali kodi. Huyu hatarudi mtaani Bondeni kusema mke wa Jaydeep anauza sufuria zake.

"Ni biashara," alisema kwa sauti. "Nanunua, nauza."

Ofisa alimtazama sana, kisha akavuta fomu. "Stoki imebaki ngapi?"

"Iko," alijibu Kavita.

Nyumbani kilikuwa kimebaki kitanda tu. Hicho ndicho kingelipa kodi.